Salamu Zimefika, Mwenyewe Hakufika

Mtakatifu Yohane atuambia katika sura ya 20 ya Injili yake ya kwamba jioni ya siku ya Ufufuko wanafunzi walikuwa wamejifungia ndani kwa hofu, na Bwana akaja akasimama katikati yao. Tomaso hakuwapo. Alikuwa wapi, Injili haisemi. Huenda alikuwa na shughuli zake. Huenda huzuni ilimfanya apende kukaa peke yake, kama wengi wetu tufanyavyo tukipatwa na msiba. Wenzake walipomwona walimpa habari yote. Habari ile ilikuwa ya kweli, ilitoka kwa watu walioona kwa macho yao, tena ilimfikia upesi, lakini haikumtuliza. Juma zima alibaki na habari sikioni na shaka moyoni. Siku ya nane alikuwamo nyumbani pamoja nao, ndipo Bwana alipomjia na kumwonyesha mikono na ubavu wake.

Watu wengi humlaumu Tomaso kwa kutoamini kwake. Leo twataka kuangalia jambo lisilotajwa sana katika mahubiri, ya kuwa siku ya kwanza hakuwapo. Na tena twataka kumpa heshima anayostahili, kwa sababu Jumapili ya pili alikuwapo, ingawa shaka yake ilikuwa haijamtoka. Hakungoja mpaka aamini ndipo aende kwa wenzake. Alikwenda na shaka yake, na humo ndani ya nyumba ndimo ilimokwisha.

Twayasema haya, wasomaji wetu wapenzi, kwa sababu ya desturi iliyoingia katika nchi yetu polepole, bila kubisha hodi. Tuchukue nyumba moja iliyofiwa, na kila msomaji aweke jina la mtaa anaoufahamu. Mama mzazi wa mwenye nyumba amefariki usiku. Alfajiri habari yatumwa katika kundi la WhatsApp la Jumuiya, na kabla jua halijapanda pole zimekwisha kupangana moja chini ya nyingine, pamoja na zile picha ndogo za mikono iliyofumbatwa kwa sala. Rambirambi nazo zaja kwa njia ya simu. Mhazini aandika majina, naye ashukuru kila mmoja kwa jina lake. Mambo yote yamekwenda kwa utaratibu mzuri. Lakini usiku, chini ya turubai, mfiwa akiangalia simu yake aona majina hamsini, na akiangalia mkekani aona wazee wanne na watoto wa jirani. Hakuna aliyemtendea ubaya. Fedha zimefika, na maneno yamefika. Watu ndio ambao hawakufika, na ukimwuliza kila mmoja kwa nini, atakujibu kwa moyo mweupe kabisa ya kuwa yeye alikwisha kutoa pole.

Msomaji asidhani ya kuwa twaichukia simu. Kabla M-Pesa haijaanza nchini Tanzania mwaka 2008, kijana aliyefanya kazi Mwanza, aliyetaka kumpelekea mama yake fedha ya dawa huko Newala, aliitia katika bahasha, akampa dereva wa basi, akabaki akisali rozari mpaka apate habari kwamba imefika. Ni nani angependa kurudi wakati ule? Mtoto aliye ng'ambo aisikia sauti ya baba yake kila Jumapili. Zamani barua moja ilikawia miezi. Tena mwandishi wa gazeti akiyalaumu maneno kwa kuwa yasafiri bila mwenyewe, atakuwa akikata tawi alilolikalia. Nyaraka za Mtakatifu Paulo zilisafiri hivyo hivyo. Ila tuangalie Paulo mwenyewe alivyoziona nyaraka zake. Alipowaandikia Wathesalonike aliwaeleza wazi jinsi alivyotamani kuwaona uso kwa uso, na jinsi alivyojaribu kwenda kwao mara kwa mara akazuiwa. Kwake barua ilikuwa ni kitu cha kushikilia nafasi mpaka mwenyewe afike. Sisi twaelekea kuifanya ndiyo safari yenyewe.

Mama Kanisa hakuviogopa vyombo hivi tangu vilipozaliwa. Tarehe 12 Februari 1931 Papa Pio XI alisema na ulimwengu kwa Radio Vatikani, ambayo mitambo yake ilitengenezwa na Marconi, mvumbuzi mashuhuri wa mambo ya redio. Mwaka 1957 Papa Pio XII aliandika barua iitwayo Miranda Prorsus, juu ya sinema, redio na televisheni. Humo alifurahi kwa ajili ya faida wanayoipata watu wasioweza kufika kanisani; lakini alisema pia ya kuwa kuitazama Misa katika televisheni si sawa na kuihudhuria kama amri ya Jumapili na sikukuu inavyodai. Mwaka 2002 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa hati juu ya Kanisa na intaneti, likafundisha ya kuwa hakuna sakramenti katika intaneti. Basi mafundisho haya si wazo la paroko mmoja aliyekasirika kwa kuona mabenchi matupu. Yamesemwa na kurudiwa kila chombo kipya kilipotokea.

Papa Pio XII huyo huyo, mwaka 1958, alimweka Mtakatifu Klara wa Assisi awe msimamizi wa televisheni mbinguni. Sababu yake ni nzuri kukumbuka. Yasimuliwa ya kuwa usiku wa Noeli wa mwaka 1252 Klara alikuwa mgonjwa kitandani katika monasteri ya San Damiano, wala hakuweza kwenda pamoja na masista wake kwenye sala. Kwa neema ya Mungu alijaliwa kusikia na kuona ibada iliyofanyika mbali, katika kanisa la Mtakatifu Fransisko, kana kwamba yumo humo. Tazameni basi msimamizi wa televisheni ni mtu wa namna gani: ni mgonjwa aliyelilia kwenda kanisani asiweze. Muujiza ule alipewa mwenye kiu. Mtu mwenye miguu mizima, aliyelala kochini kwake na kikombe cha chai akitazama Misa huku akijibu ujumbe wa biashara, asiseme ya kuwa yumo chini ya ulinzi wa Mtakatifu Klara.

Kwa nini Kanisa lang'ang'ania hivyo miili yetu? Kwa sababu Mungu mwenyewe hakutuma salamu. Karne nyingi alituma manabii, nao maneno yao yalikuwa ya kweli. Lakini wakati ulipotimia alikuja Yeye, akazaliwa na mwanamke, akachoka njiani, akaketi kisimani, akala samaki pamoja na rafiki zake. Na zile Sakramenti alizotuachia zote zataka mtu awepo: maji hutiwa juu ya kichwa, mafuta hupakwa pajini, Askofu huweka mikono yake, bwana na bibi arusi hushikana mkono, mwenye dhambi husema na padre ampaye ondoleo. Ekaristi Takatifu ni chakula, wala hakuna aliyepata kushiba kwa kutazama picha ya ugali.

Mwaka 2020 ulitujaribu. Ugonjwa wa korona ulipoenea, nchini Italia Misa za hadhara zilisimamishwa tangu Machi hata tarehe 18 Mei. Ndugu zetu wa Kenya walifungiwa nyumba za ibada tangu Machi, na zilipofunguliwa Julai masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, na ibada isiyopita saa moja. Tanzania serikali haikuifunga milango ya makanisa. Hatulaumu waliofunga; kulinda uhai wa jirani nako ni upendo, na mapadre wengi walifanya kazi njema kwa kuwafikia watu wao kwa redio na simu. Lakini marehemu Papa Fransisko, ambaye Misa yake ya asubuhi ilikuwa ikitangazwa ulimwenguni kote siku zile, tarehe 17 Aprili 2020 aliwaonya hao hao waliokuwa wakimtazama. Aliwaambia ya kuwa urafiki na Kristu bila jumuiya, bila mkate, bila Taifa la Mungu, ni wa hatari; ya kuwa wakati ule ulikuwa kama kupita katika njia yenye giza chini ya ardhi, na mtu hupita humo ili atoke, wala hajengi humo. Ugonjwa ulipopungua wengi walitoka. Wengine waliona humo ndani pana kivuli kizuri, wakabaki. Na jambo la ajabu ni hili, ya kuwa hata kwetu, ambako serikali haikuifunga milango, desturi ile iliingia. Basi hatuwezi kuusingizia ugonjwa.

Lakini neno tulilotaka hasa kulisema bado hatujalisema.

Mnamo mwaka 155, huko Roma, Mtakatifu Yustino aliandika utetezi wa Wakristo kwa Kaisari, akamweleza jinsi wanavyokutana siku ya Jumapili. Wote wakaao mjini na mashambani, asema, hukutana mahali pamoja, husoma maandiko ya Mitume na Manabii, husali, hupokea mkate na divai iliyowekwa wakfu. Halafu aongeza mambo mawili ambayo mtu aweza kuyaruka upesi. Wale wasiokuwapo, mashemasi huwapelekea. Na wenye uwezo hutoa sadaka, ambayo huwekwa kwa msimamizi, naye huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni.

Twaomba msomaji alifikiri jambo hili la wasiokuwapo. Walijulikanaje? Walijulikana kwa sababu wengine walikuwapo. Mahali pa mzee fulani palikuwa pa wazi, jirani yake akaona, akauliza, shemasi akaenda. Asiyekuwapo hutambuliwa na waliopo. Watu wote wakikaa nyumbani, kila mmoja na chombo chake, hakuna pengo, hakuna wa kuuliza, wala hakuna wa kutumwa. Mtu mwenye afya akikaa nyumbani Jumapili hujidhuru mwenyewe, hilo latajwa katika kila katekisimu. Lakini pia amnyang'anya mgonjwa macho yaliyokuwa yamtafute.

Na hapa ndipo twaona ubaya uliojificha ndani ya jema. Katika nyumba nyingi mgonjwa wa muda mrefu, bibi aliyepooza, babu asiyeona, amewekewa redio karibu na kitanda. Wamefanya vema. Radio Maria yamletea rozari na Misa, na ni faraja kubwa kwake. Lakini redio ile imewapumzisha watu wengine. Watoto wake wasema: Bibi hana shida, Misa anaisikia. Jumuiya yasema hivyo hivyo. Paroko hajaambiwa, naye kwa kuwa ana vigango vingi hajui. Yapita Pasaka moja, yapita ya pili, bibi hajapokea Komunyo, hajaungama, hajapakwa Mafuta ya Wagonjwa. Kila Jumapili amsikia padre akiwaalika watu wapeane amani, naye hana wa kumpa mkono. Redio aliyopewa kwa upendo imekuwa ni ruhusa ya kumsahau.

Maaskofu wa Afrika Mashariki waliyaona mambo haya mapema, kabla simu za mkononi hazijafika. Katika mkutano wa AMECEA wa mwaka 1976 mjini Nairobi walikubaliana kuzifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kazi ya kwanza ya uchungaji wao. Hawakuanzisha chama kipya. Walitaka nyumba chache za majirani zikutane kila juma, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wasome Injili, wasali, waulizane nani mgonjwa, nani hana kitu, nani ameacha kuja. Dar es Salaam wengi hukutana Jumamosi asubuhi na mapema kabla ya kwenda kazini. Humo utamkuta mlinzi ametoka lindoni macho mekundu, mama muuza vitumbua akiharakisha, mwalimu mstaafu apendaye kusema sana, na karibu na mlango yule ambaye mna ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Viti havitoshi, watoto wakalia mkeka.

Huyo wa ugomvi wa kiwanja ndiye tunayemtaka msomaji amwangalie. Katika simu mtu huchagua wa kumsikiliza, na akichukizwa naye humnyamazisha kwa kidole kimoja, wala mwenziwe hajui. Katika chumba cha Jumuiya hana kidole hicho. Yampasa kuisikia sauti yake akiomba dua kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa, na ni vigumu kumchukia sawasawa kama jana mtu uliyemsikia akimlilia mtoto wake. Bwana wetu alitufundisha tuache sadaka yetu mbele ya altare, twende kwanza tukapatane na ndugu. Neno "twende" ni la miguu.

Yafaa tuseme kweli kwa upande wa pili pia. Wako watu waliokimbia Jumuiya si kwa uvivu. Walichoka kusomewa orodha ya michango juma baada ya juma, huku Injili ikisomwa haraka haraka kama tangazo la treni. Wengine waliona kwamba hakuna anayewauliza habari zao mpaka siku wanapohitaji barua ya ubatizo au ya ndoa. Viongozi wa Jumuiya, na sisi mapadre, tusishangae basi mtu akisema: kama ni mchango tu, nitautuma kwa simu. Amejibu sawasawa na alivyoulizwa. Tukitaka aje mwenyewe, hatuna budi kumwita mwenyewe, na akija akute Neno la Mungu, akute mtu wa kumwuliza mama yake ameamkaje.

Wengine husema ya kuwa kukutana bila padre hakuna maana, afadhali kumsikiliza padre hodari katika mtandao. Wa kujibu neno hili ni Mashahidi wa Uganda. Novemba 1882, kwa sababu ya hatari, Mapadre Weupe walitoka Buganda wakaenda kusini mwa ziwa, na huko Bukumbi, upande wetu wa Mwanza, wakaanzisha misioni. Walikaa mbali hata Julai 1885. Waliwaacha Wakristo wachache, wapya kabisa, bila Misa, bila padre wa kuungama kwake. Mtu angedhani ya kuwa wakirudi watakuta majivu. Lakini Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwakusanya vijana wa ikulu. Andrea Kagwa aliwafundisha watu nyumbani kwake. Matias Mulumba akawa nguzo ya waumini wa Mityana. Walikutana kimya kimya, wakafundishana sala na mafundisho, na mapadre waliporudi walikuta kundi limeongezeka, wakatekumeni wakingoja. Miezi michache baadaye, tarehe 15 Novemba 1885, Yosefu aliuawa. Andrea na Matias wakamfuata Mei 1886. Na tarehe 3 Juni Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo. Mtakatifu Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Vijana wale walikwenda pamoja njiani mpaka mahali pa kifo, na nguvu ile waliipata katika nyumba zile, kwa kukaa bega kwa bega miaka mitatu bila padre.

Wazazi nao tuwakumbushe kidogo. Mtoto hujifunza dini kwa kuangalia miguu ya baba yake inakwenda wapi Jumapili. Akiona kwa baba Misa ni kitu kinachoweza kusimamishwa kwa kidole simu ikilia, kisha kuendelezwa, au kutoendelezwa, ataona ni kitu kimoja kati ya vile vingine vinavyopita juu ya kioo kile kile: mpira, vichekesho, habari. Hatatangaza kwamba ameacha dini. Ataiacha tu, kama mtu anavyoacha kutazama.

Muuguzi aliye zamu, mlinzi wa lindo, mama mwenye mtoto mchanga, msafiri aliye mbali na kanisa, hao Kanisa haliwafungi mzigo wasioweza kuubeba. Wasikilize Misa kwa redio au kwa simu kwa moyo mtulivu, na Mungu ayaona machozi ya Klara popote yalipo. Wengine sisi tunaoweza kwenda, twende. Na kwenye msiba twende, hata kama fedha tumekwisha kutuma, hata kama hatuna neno la kusema. Rafiki watatu wa Ayubu waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na siku zile saba ndizo walizomsaidia. Mambo yaliharibika walipoanza kusema.

Na kwa Jumamosi hii twaomba jambo moja tu. Jumuiya itakapokwisha kusali, kabla ya matangazo, kiongozi aulize: katika nyumba zetu nani hajaonekana kanisani kwa sababu ya ugonjwa au uzee, na ni lini alipokea Komunyo mara ya mwisho? Yaandikwe majina kwenye karatasi. Watu wawili wayapeleke kwa paroko wenyewe, mkononi, mapema kabla ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi, nao wamwongoze mpaka nyumbani, maana njia za uchochoroni hazifahamu. Na wakifika huko waingie ndani pamoja naye, wapige magoti kando ya kitanda, redio ikiwa imezimwa.